Siku tatu Nairobi ukitoka Malindi: ulale mjini au ulale Lang'ata?

Ukipanga kwenda Nairobi kutembea kwa siku mbili tatu, anza kwa kuamua utakaa upande gani wa mji. Hoteli itakuja baadaye. Kwa mgeni aliyekuja kuona, Nairobi ina pande mbili. Kuna katikati ya mji, penye majengo marefu, makumbusho, masoko na Msikiti wa Jamia. Na kuna upande wa Lang'ata na Karen, penye mbuga, twiga, watoto wa ndovu na nyumba za kale zilizojificha ndani ya miti. Kwenye ramani ni karibu. Ukiingia barabarani saa kumi na moja jioni, hasa ikiwa mvua inanyesha, unaweza kutumia saa mbili kwenye foleni kabla hujafika.

Watu wengi wa kwetu hupanga kuona kila kitu: asubuhi mbuga, mchana makumbusho, jioni Eastleigh kutafuta nguo na mapazia. Wakirudi Malindi wana picha nyingi za migongo ya magari. Ushauri wangu ni mmoja, na yote yanayofuata yanautegemea: kwa siku tatu, chagua upande mmoja, ulale hukohuko, na huo mwingine uuachie safari nyingine. Upi unakufaa ndilo jambo la kulinganisha.

Njia ya kufika

Nimeiweka mbele kwa sababu njia utakayokwenda nayo huamua nusu ya safari, na watu huifikiria mwisho.

Treni ya Madaraka ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na ndiyo iliyoifanya Nairobi kuwa mahali pa kwenda na kurudi wikendi kwa mtu wa Pwani. Kutoka Miritini, stesheni ya Mombasa, hadi Syokimau, stesheni ya Nairobi, ni kama kilomita 470, mwendo wa saa tano hadi sita. Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Zipo tatu kwa siku: ya saa mbili asubuhi, ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku.

Shida yetu sisi wa Malindi ni kufika Miritini. Mpaka Mombasa ni kilomita kama 120, lakini ndani yake kuna Kilifi, kuna Mtwapa, halafu kuna mji wenyewe wa Mombasa wa kuupita. Kuiwahi treni ya saa mbili asubuhi ni kutoka nyumbani usiku wa manane na watoto wamelala mabegani. Kuna njia nyingine ambayo wengi huisahau. Treni ya asubuhi husimama stesheni za njiani, na ya kwanza ni Mariakani. Ukishavuka daraja la Kilifi ukafika Mavueni, kata kulia, pita Kaloleni, utokee Mariakani. Barabara ni ya lami, na Mtwapa yote umeiepuka. Ila tiketi yako iandikwe Mariakani, na gari la kukufikisha stesheni ulipange mapema.

Mimi naipenda ya alasiri. Unatoka Malindi baada ya chai ya asubuhi, unafika Miritini na nafasi ya kupumua, na unaipita Tsavo jua likiwa upande wa magharibi, wakati ndovu wekundu wa vumbi wanaonekana vizuri dirishani. Syokimau unafika usiku, unakwenda kulala, na kesho yake unaamka mzima. Ya saa nne usiku inakuokolea gharama ya kulala, lakini inakushusha kabla ya alfajiri, kwenye baridi, na chumba hakijawa tayari. Siku ya kwanza utaimaliza kwa kusinzia.

Kwa kurudi, mambo yanageuka. Chukua ya asubuhi kutoka Nairobi. Inakufikisha Miritini mchana na jioni uko Malindi. Ya alasiri itakuacha Mombasa usiku ukitafuta pa kulala.

Basi la usiku lina uzuri wake: unapanda Malindi, unateremka Nairobi, hakuna kubadilisha gari wala kuburura mabegi Miritini. Linakushusha katikati ya mji asubuhi. Ubaya wake ni usingizi wa kukaa. Kijana ataustahimili, lakini mwenye magoti mabovu au mtoto wa kunyonya sitamshauri.

Ndege kutoka Malindi inachukua saa moja na kidogo. Ni ghali, ndiyo, lakini kwa safari ya siku tatu inakurudishia karibu siku nzima ya kutembea, na ukiikata mapema tofauti na daraja la kwanza la treni hupungua. La kuangalia ni inatua wapi. Ikitua Wilson, umeshafika Barabara ya Lang'ata na mbuga iko jirani. Ikitua Jomo Kenyatta, uko upande wa Barabara ya Mombasa pamoja na wale wa treni.

Ndugu zetu wa Lamu hesabu yao ni tofauti. Boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen mpaka Malindi, kisha ndiyo uanze haya niliyoyaeleza. Kwa mapumziko mafupi ni ndege ya Manda au ni kuongeza siku. Kwenda kwa barabara siku tatu ni kujitesa.

Kwa hiyo basi linakupeleka mjini, na ndege ya Wilson inakupeleka Lang'ata. Treni iko katikati. Ukiteremka Syokimau unaweza kupanda treni ndogo inayounganisha mpaka stesheni ya zamani ya Nairobi, katikati kabisa ya mji, kwa bei nafuu. Ukiwa unakwenda Lang'ata, mwambie dereva wa teksi apite Southern Bypass, ile barabara inayozunguka ukingo wa mbuga. Hutauona mji, na hutaiona foleni yake.

Upande wa mjini

Uzuri mkubwa wa kulala mjini ni miguu yako. Vingi vya kuona viko karibu kiasi kwamba unatoka kimoja unatembea mpaka kingine, bila kumlipa mtu.

Anza na Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, na uyape nusu siku. Hayo ndiyo makumbusho mama ya Fort Jesus, ya Lamu na ya Gede kwetu, yote chini ya shirika moja, lakini yana kitu ambacho Pwani hatuna: historia ya binadamu mwenyewe. Mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu juu ya changarawe. Uchimbaji ulipokwisha, ilipatikana karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kamoya hakuwa profesa. Alikuwa Mkenya aliyejifunza kazi kwa jicho na kwa miaka mingi ya kutembea juani akiangalia chini. Mpeleke mtoto wako aliyeko darasa la saba asimame mbele ya habari ile. Kitabu cha shule hakiwezi kumpa alichokiona kwa macho.

Uani kwenye makumbusho hayo yupo Ahmed, sanamu ya ukubwa wake halisi. Alikuwa ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, na mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe usiku na mchana. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee, si kwa risasi. Pembeni kuna bustani ya nyoka, ambayo watoto huipenda kuliko vyote na mama zao huipita mbiombio.

Kutoka hapo shuka mjini. Msikiti wa Jamia, wenye kuba zake tatu, ulijengwa kati ya 1925 na 1933. Kwa Mwislamu kutoka Pwani ni kituo chake cha kawaida: udhu, swala, kisha chakula halali mtaa uleule. Ubavuni mwake ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, yenye simba wa mawe mlangoni. Soko la mji liko hatua chache kutoka hapo.

Moi Avenue nayo ina mambo matatu ya kuyaangalia kwa utulivu. La kwanza ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa benki zamani. Watu wengi hulitumia kama alama tu ya kukutania, hawajui kwamba ghorofa ya chini imejaa vinyago, vitambaa, silaha na mapambo ya Afrika nzima aliyoyakusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Kiingilio ni kidogo sana. Naliona kuwa ndilo jambo lenye thamani kubwa kuliko bei yake katika mji mzima. Jumapili hufungwa, basi lipange Ijumaa au Jumamosi asubuhi. La pili liko mbele ya mlango huo: sanamu ya Tom Mboya, aliyepigwa risasi mtaa huohuo Julai 1969. La tatu ni bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, mwisho wa barabara, pale uliposimama ubalozi wa Marekani. Bomu la 1998 liliua watu 213 hapa Nairobi, na majina yao yameandikwa ukutani. Si mahali pa kupigia picha za kucheka. Kaa dakika chache, soma majina, wengi walikuwa watu waliokuwa wakienda kazini.

KICC, jumba refu la mikutano, inaonekana kutoka kila kona. Ilikamilika mwaka 1973, kazi ya msanifu wa Norway Karl Henrik Nøstvik pamoja na Mkenya David Mutiso. Ni mita 105, na juu yake ndipo pa kuuona mji wote, mbuga upande mmoja na vilima vya Ngong upande mwingine. Uliza mlangoni kama paa liko wazi siku hiyo kabla ya kuwaahidi watoto.

Na kama una mtu mmoja tu katika familia anayependa mashine, mpeleke Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, na kambi ya wajenzi ndiyo iliyozaa mji. Miaka michache baadaye, mwaka 1905, makao ya serikali ya kikoloni yakaondolewa Mombasa yakaletwa huku juu. Sisi wa Pwani tuna sababu ya kuijua hadithi hiyo, kwa sababu mji mkuu ulitoka kwetu. Ndani kuna behewa ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, aliburutwa na simba mwaka 1900 huko Kima. Alikuwa amelala humo akimvizia huyo simba amuue. Behewa lipo, unapanda, unakaa.

Ubaya wa mjini? Kelele za usiku, matatu na miziki. Ulale barabara zenye watu na taa, na ukifika uulize hoteli mtaa upi wa kuepuka gizani. Simu usiitoe ukingo wa barabara wala kwenye dirisha la gari lililosimama. Na Jumapili katikati ya mji hupoa sana.

Upande wa Lang'ata na Karen

Huku usingizi ni mtamu. Asubuhi unasikia ndege, hewa ni ya miti, na baridi pia ni kali zaidi.

Kitovu chake ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1946. Ina kilomita za mraba 117 na iko kama kilomita saba tu kutoka katikati ya mji. Mtu wa Malindi anaweza kuuliza: kwa nini niende Nairobi kuona wanyama, na Tsavo Mashariki iko nyuma ya nyumba yetu? Ukiingia kwa lango la Sala, safari ni ya asubuhi moja. Swali ni la haki. Jibu langu ni vifaru. Mbuga ya Nairobi ni makao ya vifaru weusi, na kwa kuwa ni ndogo na nyika yake ni wazi, uwezekano wa kuwaona ni mkubwa kuliko kwenye msitu wa Tsavo. Simba wapo, twiga, nyati, mbuni. Ndovu hamna, jambo linalowashangaza wengi. Na picha ya kifaru anakula majani huku maghorofa ya mji yamesimama nyuma yake, hiyo Tsavo huipati.

Ndani ya mbuga kuna mahali palipochomewa pembe za ndovu. Rais Moi aliwasha ya kwanza mwaka 1989, tani 12, na mwaka 2016 zikachomwa tani 105 kwa siku moja. Limebaki jivu na kibao. Simama hapo na watoto, uwaeleze.

Kuna jambo jingine ambalo lingemgusa mtu wa kwetu, na madereva wa watalii hawalitaji. Mpaka wa kusini wa mbuga ni Mto Mbagathi. Maji hayo huingia Athi, yakipita Tsavo ni Galana, na yakitufikia sisi ni Sabaki, mto uleule unaoyafanya mawimbi ya Malindi kuwa ya hudhurungi wakati wa mvua. Mchanga unaofika ufukweni kwetu sehemu yake ilianza safari kule juu.

Watoto wa ndovu wapo, lakini kwenye kituo cha Sheldrick, ukingoni mwa mbuga hiyohiyo. Kilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Ndovu waliopoteza mama zao huletwa wakiwa wachanga, hunyweshwa maziwa kwa chupa, hulala na mlezi wao pembeni, na wakikua hurudishwa Tsavo taratibu kujiunga na makundi ya porini. Wageni huruhusiwa saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uwe umeweka nafasi kabla kwenye mtandao. Usije mlangoni ukitegemea huruma ya askari. Nafasi za Agosti na Desemba huisha mapema sana. Saa hiyo moja, ndovu wadogo wakija mbio kwenye chupa zao na kugaragara kwenye tope jekundu, naiweka juu ya kila kitu Nairobi kwa mtu mwenye mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili.

Giraffe Centre iko Lang'ata pia, na inamfaa anayetaka kugusa. Unapanda jukwaa, twiga anashusha kichwa, unamlisha mkononi. Kituo kilianzishwa 1979 kuwaokoa twiga wa Rothschild waliobaki wachache sana. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China, zawadi kwa mfalme wa huko, na wajumbe wakavuka bahari nzima naye. Mweleze mtoto hadithi hiyo wakati ulimi mrefu wa twiga unamlamba kiganja. Hataisahau.

Nyumba ya Karen Blixen naipitia haraka. Ni nyumba ya mwaka 1912, mwandishi huyo wa Denmark aliishi humo tangu 1917 hadi 1931, bustani ni nzuri na vilima vya Ngong vinaonekana. Anayependa nyumba za walowezi atafurahi. Watoto watachoka baada ya robo saa. Kama nafasi ni finyu, afadhali Uhuru Gardens, Barabara ya Lang'ata, mahali bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa 12 Desemba 1963.

Bomas of Kenya, penye ngoma za makabila, imo kwenye ujenzi mkubwa wa ukumbi mpya wa mikutano. Piga simu kwanza.

Ubaya wa huku ni gari. Vituo havipo karibu kwa miguu. Matatu zipo: ya 24 kutoka mjini inapita Lang'ata kwenda Karen, na za Rongai, 125 na 126, zinapita lango kuu la mbuga. Lakini kuingia mbugani kwenyewe lazima uwe na gari. Familia mbili zikichangia gari la siku nzima, gharama hupungua sana. Kama hutaki kukodi gari, karibu na lango kuu kuna Nairobi Safari Walk, njia ya mbao ya kutembea kwa miguu ukiwaona wanyama kwenye maboma makubwa. Si sawa na mbuga, lakini bibi yako na mtoto wa miaka mitatu wataimaliza bila taabu.

Ukiviweka bega kwa bega

Kwa pesa, mjini ni nafuu bila ubishi. Viingilio ni vidogo, chakula kipo cha kila bei, usafiri ni miguu. Lang'ata kila kitu kina tiketi, na gari juu yake. Kumbuka kubeba kitambulisho cha taifa, kwa sababu bei ya raia na bei ya mgeni hazikaribiani hata kidogo. Mbugani hawapokei noti: malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, basi jisajili ukiwa nyumbani na uangalie viwango vya siku hiyo hapohapo.

Kwa watoto wadogo, Lang'ata. Kwa vijana wa sekondari, mjini, na nasema hivyo ingawa wao wenyewe watadai kinyume.

Wazee wanahitaji kufikiriwa kwa makini, maana sivyo kama watu wanavyodhani. Mjini kuna kutembea na kupanda ngazi, lakini kila baada ya mita mia kuna mkahawa wa kukaa, msikiti wa kupumzikia, duka la dawa. Lang'ata wanakaa ndani ya gari, jambo zuri kwa miguu, lakini mbugani ni saa nne za kutikiswa barabara za vumbi, na choo ni mbali. Mama mwenye mgongo mbaya nitampeleka mjini kwa moyo mkunjufu. Mzee mwenye magoti nitampeleka mbugani.

Chakula na swala: mjini ni rahisi zaidi kwa mtu wa kwetu. Biriani, pilau, mahamri na chai ya maziwa unavipata, hata kama mkono si ule wa nyumbani. Lang'ata na Karen ni nchi ya nyama choma na mikahawa ya bustani. Ni vizuri pia, lakini uliza nyama imechinjwa vipi kabla ya kuagiza.

Baridi iko pande zote mbili. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Leso na kanzu nyepesi hazitatosha. Sweta nzito, soksi, na kofia ya mtoto. Kama huivumilii baridi, nenda Januari au Februari, jua lipo na mvua hazijaanza. Aprili na Mei mbuga huwa tope na foleni za mjini huongezeka.

Manunuzi: Eastleigh na mjini ni upande mmoja. Anayekwenda na orodha ya nguo za Idi asijidanganye kulala Karen.

Nani aende wapi

Baba na mama wenye watoto wadogo, na mmejiwekea akiba kidogo: Lang'ata, usiku mbili. Fikeni kwa ndege ya Wilson au kwa treni ya alasiri. Siku ya kwanza kamili, mbugani alfajiri, lango likifunguliwa saa kumi na mbili, mtoke kabla ya saa nne na nusu, na saa tano muwe Sheldrick. Mchana mpumzike kabisa, watoto walale. Siku ya pili twiga asubuhi, Uhuru Gardens jioni. Basi. Msiongeze kitu.

Wenza waliooana karibuni, au marafiki wawili watatu, au mwalimu anayetaka kuona alichokuwa akikifundisha: mjini. Ijumaa kwa Nyaraka na Jamia, Jumamosi nusu siku kwa makumbusho kisha reli, Jumapili asubuhi, mji ukiwa umepoa, tembeeni mkiangalia majengo na mpumzike Uhuru Park. Bustani hiyo ingekuwa na mnara wa ghorofa 60 leo, kama Wangari Maathai asingepigana mwaka 1989 ujengwe kwingine. Ulizuiwa, na nyasi zipo.

Na kwa yule anayeuliza safari yake ya kwanza kabisa aanzie wapi, hana watoto na hana haraka ya kununua chochote, mimi namwambia mjini. Wanyama, kwetu Malindi, hatuko mbali nao. Mifupa ya Turkana, kuta za Agosti 7 na chumba cha Murumbi haviko popote pengine.

Weka nafasi na ukate tiketi kwa mpangilio huu: kama ni Lang'ata, nafasi ya Sheldrick kwanza, maana saa yake haibadiliki kwa ajili yako. Halafu tiketi ya treni au ndege, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, hasa kama unasafiri wikendi ya sikukuu. Chumba cha kulala kiwe cha mwisho, vyumba Nairobi vipo vingi pande zote mbili.